Kuua kwa Dalili

Kwa miaka mingi katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, mwanamke mzee aliweza kuuawa kwa sababu ya rangi ya macho yake. Watu walikuja usiku na mapanga, wakavunja mlango, wakafanya walichotumwa kufanya, na kulipokucha kijiji kiliambiwa kwamba bibi yule alikuwa mchawi na kwamba dalili zilikuwa wazi: macho yake yalikuwa mekundu. Yeyote aliyekulia Magu, Misungwi, Kwimba au Sengerema anajua wekundu ule ulitoka wapi. Ulitokana na miaka 40 au 50 ya kupikia kuni mbichi na mavi makavu ya ng'ombe ndani ya jiko lisilo na dirisha, katika nchi ambayo miti mingi ilikwisha kukatwa kabla hatujazaliwa. Moshi wa kulisha watoto na wajukuu uligeuzwa kuwa ushahidi wa uchawi.

Bibi wa namna hiyo aliishi nyumba ya tatu kutoka kwetu. Kabla ya kusalimia alikuwa akijifuta macho kwa pindo la kanga, kwanza la kulia, kisha la kushoto, ndipo aseme "Mwangaluka" kwa sauti ya chini, akitazama ardhi. Wakubwa walitukataza kupita kwake jioni. Hakuna aliyemwona akifanya lolote. Ng'ombe walikuwa wamekufa katika boma moja, mtoto alikuwa ameugua katika jingine, na mganga wa kijiji cha pili alikuwa amepiga ramli. Kadiri uvumi ulivyozidi ndivyo alivyozidi kujifuta, na kadiri alivyojifuta ndivyo macho yalivyozidi kuwa mekundu. Wanawe walimwondoa usiku mmoja wakampeleka mjini, na hivyo ndivyo alivyopona.

Naanza na habari hii katika makala inayohusu ndege zisizo na rubani, ambazo wengi wetu tunaziita ndege nyuki, kwa sababu kwa miaka kadhaa nimefuatilia maelezo ya serikali na majeshi kuhusu namna watuhumiwa wa ugaidi wanavyochaguliwa ili wauawe kutoka angani, na kila ninaposoma namwona bibi yule na pindo la kanga yake. Mara nyingi kombora hupiga pale pale lilipoelekezwa, kwa hiyo kukosa shabaha si tatizo kubwa la mashambulizi haya. Tatizo ni kwamba watu huuawa kwa dalili, dalili zenyewe husomwa na mtu aliye mbali asiyeyajua maisha ya anaowatazama, na wakishakufa hakuna anayelazimika kuthibitisha kwamba zilisomwa sawasawa.

Shambulizi la kwanza la aina hii nje ya uwanja wa vita unaotambulika lilifanywa na shirika la ujasusi la Marekani, CIA, tarehe 3 Novemba 2002 katika mkoa wa Marib nchini Yemen, likaua watu 6 waliokuwa ndani ya gari. Mwaka 2004 mashambulizi yakaanza Pakistan. Mwanzoni walengwa walikuwa watu waliojulikana kwa majina. Baadaye, hasa kuanzia mwaka 2008, likaongezwa kundi la pili, la watu ambao majina yao hayakujulikana kabisa, ila mwenendo wao ulionekana kufanana na mwenendo wa wanamgambo: wanaume wengi mahali pamoja, silaha begani, gari linalotoka nyumba fulani kwenda nyumba fulani. Tarehe 17 Machi 2011, katika eneo la Datta Khel, Waziristan Kaskazini, wazee wa kabila walikuwa wamekaa baraza kusuluhisha mgogoro wa mgodi wa kromiti. Walikuwa wanaume wengi wamekaa duara na kuongea kwa muda mrefu, jambo ambalo katika jamii ile, kama katika yetu, ndiyo njia ya kuzuia damu isimwagike. Makombora yaliua watu takribani 40.

Ili kuelewa jinsi dalili zinavyodanganya si lazima kwenda Pakistan. Nenda Mwaloni Kirumba, soko la samaki hapa Mwanza, saa 11 jioni katika siku za giza, pale mwezi unapokuwa haupo na dagaa wanafuata taa. Utawaona vijana wakiteremka majini na madumu ya petroli mabegani, betri, taa, kamba, na nyavu zilizofungwa mafurushi makubwa. Hawana sare. Wengine wamejifunga vitambaa usoni kwa ajili ya baridi ya ziwa. Wanapanda mitumbwi wanne wanne au watano watano, wanaondoka kwa msafara, wanafika mbali na nchi kavu wanazima injini, wanakaa pale kwa saa nyingi wakimulika na kupigiana simu, na kabla ya jua kuchomoza wanarudi na mizigo mizito. Kwetu hicho ni kitoweo cha kesho. Kwa kamera ya joto iliyo kilomita kadhaa juu, mbele ya mtu aliyekwisha kuambiwa kwamba ziwa hili linapitisha silaha, kila nilichokitaja hapo ni alama ya hatari, na kadiri anavyowatazama kwa muda mrefu ndivyo alama zinavyoongezeka. Simlaumu mtu huyo kwa kutojua uvuvi wa dagaa. Namlaumu aliyempa mamlaka ya kuua watu ambao maisha yao hayajui.

Dumu ndilo lililoua familia moja mjini Kabul tarehe 29 Agosti 2021. Siku 3 kabla, bomu la kujitoa mhanga lilikuwa limeua askari 13 wa Marekani na Waafghani wengi kwenye uwanja wa ndege, na jeshi la Marekani lilikuwa na taarifa za kiintelijensia kwamba shambulizi jingine lingefanywa kwa gari dogo jeupe. Wakaliona gari dogo jeupe. Wakalifuata kwa saa takribani 8, wakamwona dereva akishusha na kupakia vitu, akiwachukua watu na kuwaacha njiani, na mwishoni wakaona wanaume wakipakia madumu kwenye buti. Gari lilipoingia uani kwake, watoto wakiwa wanalikimbilia, kombora likaachiwa. Walikufa watu 10, na 7 kati yao walikuwa watoto. Dereva alikuwa mfanyakazi wa shirika la misaada la Kimarekani lililogawa chakula, na madumu yale yalikuwa na maji aliyoyateka ofisini, kwa kuwa mtaani kwake maji yalikuwa ya shida. Ni nani hapa Mwanza ambaye hajawahi kubeba dumu la maji kutoka kazini au kwa jirani?

Hatua iliyofuata inaeleza mengi. Siku chache baadaye Jenerali Mark Milley, aliyekuwa mkuu wa majeshi ya Marekani, alilieleza shambulizi lile kuwa la haki. Jeshi lilidai kwamba mlipuko wa pili uliofuata ulithibitisha kuwepo kwa mabomu ndani ya gari. Waandishi wa habari walikwenda kwenye ule ua, wakapima, wakakusanya picha za kamera za usalama, wakahoji waliofanya kazi na yule dereva, na tarehe 17 Septemba Jenerali Kenneth McKenzie, aliyeongoza majeshi ya Marekani katika eneo hilo, alikiri hadharani kwamba lilikuwa kosa. Hakuna askari aliyeadhibiwa. Najiuliza ingekuwaje kama tukio hilo lingetokea katika kijiji cha ndani kabisa ambako mwandishi hawezi kufika bila kutekwa au kuuawa, na jibu ninalo, kwa sababu vijiji vya namna hiyo ni vingi na viko karibu nasi kuliko Kabul.

Kuna kifo kimoja ambacho siwezi kukiandikia haraka. Tarehe 24 Oktoba 2012, siku chache kabla ya Idi el Haji, mwanamke mwenye umri wa miaka 60 na ushei, aliyejulikana kijijini kwake Waziristan Kaskazini kwa kazi ya ukunga, alikuwa shambani akichuma bamia. Wajukuu wake walikuwa karibu. Kombora likampiga mchana kweupe, na baadhi ya wajukuu wakajeruhiwa. Mwaka mmoja baadaye baba yao, ambaye ni mwalimu, aliwapeleka wawili kati yao Washington kutoa ushahidi mbele ya wabunge wa Marekani. Wabunge waliofika kuwasikiliza walikuwa 5. Mvulana, aliyekuwa na miaka 13, aliwaambia kwamba hapendi tena anga la buluu, anapenda siku za mawingu, kwa kuwa siku za mawingu ndege zile haziruki. Katika nchi ya kilimo, mtoto anafurahia mawingu kwa sababu ya mvua. Kumfanya ayapende kwa sababu ya woga ni madhara ambayo hayaingii katika hesabu yoyote ya majeruhi.

Na hesabu yenyewe ina kasoro tangu msingi. Mwaka 2012 gazeti la New York Times liliripoti kwamba serikali ya Rais Barack Obama ilikuwa na utaratibu wa kumhesabu kila mwanamume wa umri wa kupigana aliyeuawa katika eneo la shambulizi kuwa mpiganaji, isipokuwa kama taarifa zingepatikana baada ya kifo kuonyesha kwamba hakuwa na hatia. Maana yake ni kwamba maiti ndiye anayetakiwa kujitetea. Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977 inayoongezea Mikataba ya Geneva inasema kinyume chake kabisa katika ibara ya 50: panapokuwa na shaka kama mtu ni raia, achukuliwe kuwa ni raia. Marekani haikuiridhia itifaki hiyo, lakini kanuni ya kuwatenganisha raia na wapiganaji inazibana nchi zote, iwe zimesaini au hazikusaini.

Matokeo yake yalionekana tarehe 1 Julai 2016, Serikali ya Marekani ilipotoa takwimu zake kwa mara ya kwanza. Ilisema kwamba kati ya mwaka 2009 na 2015 ilifanya mashambulizi 473 nje ya maeneo rasmi ya vita, na kwamba watu wasio wapiganaji waliouawa walikuwa kati ya 64 na 116. Taasisi ya Bureau of Investigative Journalism ya London, iliyokuwa ikikusanya taarifa tukio kwa tukio, iliwakadiria raia waliokufa katika kipindi hicho kuwa kati ya 380 na 801. Tofauti hiyo ya mamia ya watu ni tofauti ya namna ya kumwita maiti. Mwezi Machi 2019 Rais Donald Trump aliondoa hata wajibu huo mdogo wa kutoa takwimu kwa mashambulizi yanayofanywa na CIA.

Tuliozaliwa pwani ya ziwa hili tunajua uzito wa kuhesabu. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, idadi ilipanda siku baada ya siku mpaka ikafika 228, na kila iliyoongezeka ilikuwa na maana kwamba kuna familia mahali fulani Bwisya au Bugorora iliyoacha kungoja. Hatukukubali kuambiwa kwamba waliokufa ni takribani watu kadhaa. Tulimtaka kila mtu wetu atolewe, atambuliwe, azikwe.

Wapo watakaoniambia kwamba nasahau kosa la upande wa pili, na hoja yao inastahili kujibiwa kwa heshima. Al-Shabaab waliua watu 148 Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, wengi wao wanafunzi waliokuwa bado mabwenini alfajiri. Lori la mabomu liliua zaidi ya watu 500 Mogadishu Oktoba 2017. Hapa kwetu, Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, siku moja kabla ya Nanenane, bomu liliua watu 11 kwenye ubalozi wa Marekani Dar es Salaam, huku Nairobi wakifa zaidi ya 200. Inasemwa pia kwamba ndege isiyo na rubani, ikilinganishwa na mizinga au uvamizi wa majeshi ya ardhini, huua watu wachache zaidi. Kwa tukio moja moja huenda ni kweli. Lakini wepesi huo ndio unaofanya mashambulizi yaendelee kwa miaka 20 bila bunge kupiga kura upya kuhusu vita, na bila mama yeyote wa upande wa mrushaji kulia.

Isitoshe, mwaka 1998 ulituonyesha njia 2 za kujibu ugaidi. Siku 13 baada ya mabomu, Marekani ilirusha makombora na kukiangamiza kiwanda cha dawa cha Al-Shifa mjini Khartoum, kwa madai kwamba kilihusika na silaha za kemikali. Dai hilo lilitegemea zaidi kipimo cha udongo uliochukuliwa karibu na kiwanda, na halikuthibitishwa kamwe. Damu iliyotajwa kuhalalisha shambulizi hilo ni pamoja na ya Watanzania wenzetu. Njia ya pili ilikuwa mahakama. Mwaka 2001 watuhumiwa 4, mmoja wao Mtanzania, walihukumiwa kifungo cha maisha New York baada ya mashahidi kusimama kizimbani. Mwaka 2010 alifuata Ahmed Khalfan Ghailani, mzaliwa wa Zanzibar, ambaye jaji alikataa kumsikiliza shahidi muhimu dhidi yake kwa sababu jina la shahidi huyo lilipatikana kwa mateso. Baraza la wazee wa mahakama lilimwona hana hatia katika mashtaka zaidi ya 280 na likamtia hatiani kwa shtaka 1 tu. Wengi walikasirika. Hata hivyo shtaka hilo 1 lilitosha kumfunga maisha, na hakuna mtoto aliyekufa ili hukumu hiyo ipatikane.

Somalia ndiko jambo hili linapotugusa kwa karibu. Ndege za Marekani zimetumia vituo vya Djibouti, na jeshi hilo lina kambi Manda Bay, pwani ya Kenya. Hadi mwanzoni mwa mwaka 2019 kamandi ya Marekani kwa Afrika, AFRICOM, ilikuwa ikisema kwamba mashambulizi yake zaidi ya 100 katika kipindi cha miaka 2 yameua magaidi zaidi ya 800 na raia hata mmoja hakuguswa. Amnesty International ilipochapisha uchunguzi wake mwezi Machi, kamandi ilikanusha; wiki chache baadaye ikakiri kwamba shambulizi la tarehe 1 Aprili 2018 liliua mwanamke na mtoto. Mwaka uliofuata ikakiri kwamba kombora lililoangukia nyumba mjini Jilib tarehe 2 Februari 2020, familia ikiwa inakula chakula cha jioni, liliua msichana. Naomba msomaji alinganishe na mwaka 2015, wakati mateka wawili, Mmarekani na Muitaliano, walipouawa kwa bahati mbaya katika shambulizi la mpakani mwa Pakistan na Afghanistan. Rais Obama alisimama mbele ya kamera, akawataja kwa majina, akaomba radhi, na familia ya yule Muitaliano ikalipwa zaidi ya euro milioni 1. Ndivyo ilivyopasa kufanywa, na kwa sababu ilifanyika kwa hao wawili, hakuna anayeweza kudai kwamba haiwezekani kufanywa kwa wengine.

Sasa silaha hizi si za Marekani peke yake. Zinauzwa na Uturuki na China kwa bei ambayo serikali nyingi za Afrika zinaimudu, na makosa yale yale yamehamia kwetu. Tarehe 3 Desemba 2023, katika kijiji cha Tudun Biri, jimbo la Kaduna nchini Nigeria, waumini walikuwa wamekusanyika usiku kwa Maulidi. Kila anayejua Maulidi anajua yalivyo: watu wengi kwenye mwanga wa taa, wanaume upande mmoja, wanawake na watoto upande mwingine, wageni wakiingia kutoka vijiji vya jirani. Jeshi la nchi yao wenyewe liliwashambulia kwa ndege isiyo na rubani, na zaidi ya watu 80 wakazikwa. Jeshi liliomba radhi, likaeleza kwamba mwenendo wa mkusanyiko ule ulitafsiriwa vibaya. Nimelirudia neno hilo, mwenendo, mara nyingi. Ni lile lile la Datta Khel.

Tanzania nayo si nchi iliyo nje ya jambo hili. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya mkoani Mtwara kilivamiwa na wapiganaji waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji, na siku yoyote tishio likiongezeka, kutakuwa na sauti za kutaka tununue macho ya angani yenye makombora. Sizipingi ndege zenyewe. Mwaka 2018 tuliona moja ikipeleka dawa Ukerewe kwa dakika 40 kuvuka kilomita 60 za maji, safari ambayo kwa barabara na kivuko inakula saa 6. Ninachotaka ni kwamba kabla silaha haijafika, sheria iwe imekwisha kutungwa bungeni, hadharani: nani anaruhusu, kwa ushahidi wa kiwango gani, nani asiyekuwa askari anachunguza kila kifo, na katika siku ngapi. Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku waganga wa ramli, kwa kuwa ilikubali kwamba neno la mtu asiyehojiwa na yeyote linaweza kuua. Mtoa taarifa wa siri mwenye ugomvi wa ardhi au wa ukoo na yule anayemtaja anafanya kazi ile ile ya ramli chonganishi, hata taarifa yake ikiandikwa kwenye karatasi yenye muhuri.

Na kuna mlango mmoja ulio wazi karibu nasi. Somalia ilikamilisha uanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 4 Machi 2024. Tarehe 18 Machi, wiki 2 baadaye, ndege zisizo na rubani zilizotengenezwa Uturuki, katika operesheni ya kusaidia jeshi la Somalia, zilipiga shamba karibu na kijiji cha Bagdad huko Shabelle ya Chini. Kwa mujibu wa uchunguzi wa Amnesty International walikufa raia 23, na 14 kati yao walikuwa watoto. Hao ni wananchi wenzetu wa Jumuiya, kama Mkenya wa Kisumu au Mganda wa Entebbe anayevua maji haya haya. Mkataba wa Jumuiya unazibana nchi wanachama kuheshimu utawala wa sheria na haki za binadamu, na Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha imekuwa ikipokea mashauri ya wananchi kwa msingi huo. Lakini ibara ya 30 inamtaka mlalamikaji afungue shauri ndani ya miezi 2 tangu kitendo kitendeke au tangu alipokijua. Wabunge wetu walioko Bunge la Afrika Mashariki waanzie hapo, wazishinikize nchi wanachama zirefushe muda huo kwa vifo vya namna hii, na waitake kila nchi mwanachama inayotumia au kukaribisha ndege hizi iweke daftari la waliouawa, lenye majina. Ripoti ya uchunguzi wa Bagdad ilitoka mwanzoni mwa Mei 2024. Mama aliyezika watoto wake pale, kama angesikia siku hiyo kwamba kuna mahakama Arusha, angekuwa amebakiwa na muda usiofika wiki 2 wa kumtafuta wakili, kukusanya ushahidi na kufika.